Mkono wa robine ya dushi umevunjika? Tafuta kwanza kinachoubana nyuma yake

Katika nyumba nyingi za Lubumbashi, mkono wa robine (koki) ya dushi hauvunjwi na mtu mwenye nguvu. Unavunjwa na kipira kidogo kilichochakaa ndani ya robine. Kipira kikiisha, dushi inaanza kudondosha matone. Watu wa nyumbani wanakaza ili yakome. Yanakoma siku mbili tatu, kisha yanarudi, na mkono unakazwa tena kuliko mwanzo. Mwishowe meno ya ndani ya mkono yanalika, au mkono wenyewe unapasuka shingoni. Ukinunua mwingine ukauweka bila kugusa kile kipira, na huo utavunjika vilevile.

Mji huu unaongeza mambo mawili. Maji yetu mengi, yawe ya Regideso (kampuni ya maji ya umma) au ya forage (kisima cha kuchimbwa kwa mashine) ya lupango (kiwanja cha nyumba), yanatoka chini ya ardhi kwenye miamba ya dolomia, na miamba hiyo inayapa kalisi na magnesi. Maji yakikauka au yakipashwa moto, madini hayo yanabaki kama chokaa, ileile unayoikwangua kwenye sufuria ya kuchemshia maji. Ndani ya robine chokaa inashika kijiti kinachozunguka, na mkono unakuwa mgumu. Jambo la pili ni maji kukatika na kurudi. Yakirudi yanakuja na hewa, kutu na mchanga. Punje moja ya mchanga ikibanwa kati ya kipira na kiti chake (ukingo kinapokalia ili kuziba maji) inachimba mfereji mwembamba, na hapo ndipo tone la kwanza linapopitia.

Jua robine uliyo nayo

Robine ya kuzungusha ndiyo imejaa kwenye nyumba za zamani: mkono mmoja wa baridi, au miwili, moto na baridi. Unazungusha mara mbili tatu hadi ifunge. Nyuma ya mkono kuna kichwa cha robine, kipande cha shaba kinachofunguliwa kizima kwa kle (spana). Katikati yake kinapita kijiti, na mwishoni mwa kijiti kimefungwa kipira kinachoshuka juu ya kiti na kuziba maji.

Nyingine inafanana nayo kwa nje lakini inafunga kwa robo ya mzunguko tu. Ndani ina sahani mbili za seramiki zinazoteleza moja juu ya nyingine. Hapa kukaza hakuongezi chochote. Mkono ukifika mwisho, umefika. Anayesukuma zaidi anavunja mkono au anapasua sahani.

Ya tatu ni mitijeri, yenye mkono mmoja unaoinuliwa kwa ajili ya maji na kupelekwa kushoto au kulia kwa ajili ya joto. Ndani kuna katushi, kipande kimoja kinachofunga na kuchanganya maji, mara nyingi ya kipenyo cha milimita 35 au 40. Mkono unashikwa na visi (skrubu) ndogo ya kle alene (spana ya pembe sita), ya milimita 2.5 au 3, iliyofichwa nyuma ya kifuniko kidogo chenye alama nyekundu na buluu.

Angalia pia mkono umetengenezwa na nini, kwa sababu hilo ndilo linaloamua kama unafaa kutengenezwa au kutupwa. Nje yote inang'aa kwa kromu, na sumaku haikusaidii, maana plastiki, zamaki na shaba zote hazinasi. Kwangua kidogo ndani ya tundu kwa ncha ya kisu. Ukiona njano ni shaba, nzuri ya kudumu. Ukiona kijivu chenye uzito ni zamaki, chuma cha kuyeyushwa chenye zinki, ambacho hakipindi kabla ya kuvunjika: kinakatika ghafla, na kromu ikichubuka kinaanza kutoa unga mweupe. Mkono mwepesi usio na sauti ya chuma ukiugonga kwa kucha ni plastiki.

Tambua tatizo kabla ya kufungua chochote

Mkono ukizunguka bure bila maji kubadilika, sababu ni moja kati ya tatu: visi imelegea, meno ya mkono yamelika, au kijiti kimekatika ndani. Toa kifuniko, kaza visi, jaribu tena. Ikiwa bado, vuta mkono utoke, funga kijiti kwa kitambaa kisha kizungushe taratibu kwa pensi (koleo). Maji yakifunguka na kufunga, kijiti ni kizima na mkono ndio uliokufa. Kijiti nacho kikizunguka bure, usipoteze fedha kwa mkono. Kinachotakiwa ni kichwa kipya.

Mkono ukiwa mgumu lakini unafanya kazi, umekuta tatizo mapema, na hapa ndipo kazi inakuwa rahisi kuliko popote. Ni chokaa, au grisi iliyokauka, au nati inayobana kijiti imekazwa kupita kiasi. Mikono ya maji moto ndiyo inayokwama sana: inakaa miezi bila kuguswa, kisha Juni baridi inapoingia nyumba nzima inaukumbuka siku moja, na kila mmoja anaulazimisha.

Maji yakitoka chini ya mkono wakati dushi imefunguliwa, kipira cha kichwani hakina kosa. Tatizo liko kwenye pete ndogo ya mpira inayozunguka kijiti, au kwenye nati yake. Maji yakidondoka kwenye kichwa cha dushi baada ya kufunga, subiri dakika chache kwanza. Maji yaliyobaki kwenye bomba la juu yanashuka yenyewe, na watu wengi wamekaza robine isiyo na kosa lolote kwa sababu ya matone hayo. Yakiendelea baada ya nusu saa, kipira au kiti kimeharibika.

Kufunga maji

Lupango nyingi zina njia mbili za maji: Regideso, na tanki la juu linalojazwa na forage au mashine. Ukifunga vane (valvu) ya karibu na konteri (mita ya maji) tu, tanki litakuogesha ukiwa umeshika kichwa cha robine mkononi. Funga zote mbili. Zima umeme wa boila na ufunge maji baridi yanayoiingia. Fungua robine ya chini kabisa, ya uani kwa kawaida, hadi iache kutoa, kisha fungua dushi yenyewe ili bomba litoe kilichobaki.

Ziba tundu la maji machafu kwa kitambaa kabla ya kugusa visi ya kwanza. Visi ya mkono ni ndogo, na ikianguka humo hutaiona tena. Piga picha kwa simu kila unapotoa kipande.

Kutoa mkono uliokwama

Kifuniko cha katikati kinatoka kwa ncha ya kisu chembamba. Chini yake kuna visi. Chagua turunevisi (bisibisi) inayojaa mfereji wake. Ndogo kuliko inavyotakiwa italamba kichwa cha visi, na baada ya hapo kazi ya dakika kumi inakuwa ya mchana mzima. Visi ikitoka, vuta mkono moja kwa moja kuelekea kwako huku ukiuchezesha kushoto na kulia.

Ukikataa, usichukue nyundo. Pigo linapita kwenye kijiti hadi kwenye bomba lililo ndani ya ukuta, na kiungo cha bomba hakionekani kinapopasuka. Utakiona baada ya wiki, rangi ya ukuta ikianza kuvimba. Badala yake pasha siki nyeupe hadi iwe vuguvugu, loweka kitambaa, kizungushie shingo ya mkono, mimina kidogo ndani ya tundu la visi, acha nusu saa. Chokaa inayeyuka kwenye siki, utaona mapovu madogo. Jaribu tena, na ikibidi rudia mara moja. Usiiache usiku kucha, kwa sababu siki inakula kromu iliyochubuka na zamaki iliyo chini yake. Suuza vizuri. Na siki isikutane kamwe na javeli (dawa ya klorini ya kung'arisha nguo): vikichanganyika vinatoa gesi ya klorini, na bafu ni chumba kidogo.

Baada ya siki, weka turunevisi bapa mbili pande mbili zinazotazamana, kitambaa chini yake zisikwaruze, na uinue pande zote kwa pamoja. Upande mmoja peke yake unapindisha kijiti. Mkono wa chuma unaweza pia kuupasha kwa kitambaa kilicholoweshwa maji ya moto sana: chuma cha nje kinatanuka kabla ya kijiti na kuachia.

Kama visi imeliwa na kutu au kichwa chake kimelambwa, na mkono ni wa plastiki ambao umevunjika tayari, kata mkono. Uukate kwa msumeno wa chuma kwa urefu, polepole, ukisimama kabla ya kufika kwenye shaba, kisha upasue kwa turunevisi. Mkono hauna thamani tena, kijiti ndicho cha kulindwa. Visi iliyobaki imesimama kwenye kijiti inashikwa kwa pensi ya kukaza na kuzungushwa kwa kushoto.

Mkono mpya

Nenda kenkayeri (duka la vifaa vya ujenzi) na mkono wa zamani mfukoni, na kichwa cha robine pia kama umekitoa. Ukienda na picha peke yake utarudi mara mbili. Vitu vitatu lazima vilingane: kipenyo cha kijiti, idadi ya meno yake, na unene wa visi. Hesabu meno ukiweka alama ya kalamu kwenye jino la kwanza. Kijiti cha meno 20 na cha meno 24 vinakaribiana kwa macho, na mkono usio wake unaweza hata kuingia ukiusukuma. Utashika wiki chache huku ukisaga meno ya shaba, na safari hii kitakachokufa ni kichwa chenyewe. Vijiti vingine havina meno, ni vya pembe nne. Hivyo unapima upana wa upande mmoja.

Pale pale dukani, weka mkono kwenye kichwa cha zamani. Unatakiwa uingie kwa kusukumwa kwa kidole gumba, uzunguke na kijiti bila mchezo hata kabla ya visi. Omba visi ya inoksi (chuma kisichoshika kutu). Visi ya chuma cha kawaida ndani ya shaba yenye unyevu inashika kutu, na ndiyo itakayokusumbua mara ijayo.

Sokoni kuna pia mikono inayoitwa ya kila robine, inayoshika kijiti kwa visi ya ubavuni. Inafaa kwa kuvusha wiki. Lakini visi ile inauma meno ya kijiti, kwa hiyo usiiache hapo mwaka mzima.

Kama mkono wa aina yako haupatikani na meno ya plastiki tu ndiyo yamelika, kuna njia inayoshika vizuri: gundi ya epoksi ya mirija miwili. Safisha tundu la mkono kwa spiriti likauke kabisa. Paka kijiti safu nyembamba ya grisi ya silikoni ili gundi isikishike. Changanya gundi kwa vipimo sawa, jaza tundu hadi nusu, sukuma mkono mahali pake ukiwa umeelekea vizuri, futa iliyozidi, na usiuguse kwa saa 24. Gundi inachukua umbo la meno. Kisha rudisha visi. Gundi ya haraka ya tone moja usiitumie: inakuwa kama kioo, inapasuka, na ikishuka kwenye nati kichwa hakitafunguka tena bila kuvunjwa.

Sasa kipira, ambacho ndicho kilianzisha yote

Usiweke mkono mpya kabla ya hatua hii. Zungusha kijiti nusu ya mzunguko kuelekea kufungua, ili kipira kisiwe kimekandamizwa kwenye kiti. Shika kichwa cha robine kwa kle ya kurekebisha iliyobana vizuri, na mkono wako mwingine ushike mwili wa robine usizunguke. Zungusha kwa kushoto. Hapa tazama ukuta na si kle: mwili wote wa robine ukianza kuzunguka pamoja na kichwa, simama. Bomba la ndani linasokotwa. Kama ni bomba la zamani la galva (chuma kilichopakwa zinki) lenye kutu, muite plombie (fundi bomba) sasa, kabla halijakatika.

Kichwa kikitoka, geuza. Kipira kinashikwa na nati ndogo au kimesukumwa tu kwenye kikombe chake. Kizuri ni bapa na laini. Kilichokufa kina duara lililochimbwa katikati, au kimekuwa kigumu kama mfupa. Nunua kinachojaa kikombe bila kubaki nafasi wala kupanda ukingo. Kama kimegeuzwa na kutumika upande wa pili tayari, kitupe bila kufikiri.

Kisha ingiza kidole ndani ya robine, au mulika kwa simu, uguse kiti. Kinatakiwa kuwa laini kote. Ukihisi mkwaruzo au kijifereji, kipira kipya hakitadumu. Kiti kinasawazishwa kwa kifaa maalumu cha kusagia viti, mizunguko michache kwa mkono mwepesi, na mafundi wengi wa maji wanacho. Suuza vumbi lote la shaba.

Paka pete za mpira na nyuzi za kijiti grisi ya silikoni. Vazelini, grisi ya gari na mafuta ya mawese yanavimbisha mpira au yanaganda, na mkono unakuwa mgumu ndani ya msimu mmoja. Rudisha kichwa kwa vidole hadi kishike, kisha kle kidogo tu. Kwenye robine za seramiki kumbuka kwamba kichwa cha moto na cha baridi vinaweza kuzunguka kinyume kwa kinyume. Ukivibadilisha nafasi, mkono mmoja utafungua kwa upande ambao mtu anadhani anafunga, na mgeni wa kwanza atauvunja.

Mitijeri

Hapa mkono ukilegea, mara nyingi ni ile visi ya alene. Ikaze kabla ya mengine yote, kwa sababu mkono unaocheza unasaga pembe nne za katushi, na katushi iliyosagwa hairudishwi.

Kubadilisha katushi: toa mkono, zungusha kofia ya kromu kwa kushoto, fungua nati kubwa, vuta katushi wima. Chini yake kuna vipini viwili vinavyoingia kwenye matundu yao, na pete tatu za mpira. Pima kipenyo, linganisha urefu wa shina na mahali vipini vilipo. Nati inakazwa kwa mkono, kisha robo ya mzunguko kwa kle. Kama mkono mpya ni mgumu tangu siku ya kwanza, usiilaumu katushi. Umekaza mno. Legeza kidogo kidogo hadi mkono uwe mwepesi na maji yasitoke.

Maji yakirudishwa, fungua vane taratibu, toa kichwa cha dushi kwanza, uache maji yakimbie dakika mbili. Zungushia karatasi laini chini ya mkono. Ikibaki kavu, rudisha kila kitu.

Kuzuia

Kinachosaidia kuliko vyote ni mchanga usifike kwenye dushi. Weka kichujio cha wavu baada ya konteri na kingine kwenye njia ya tanki, mahali unapoweza kukifungua kwa mkono, na ukisafishe kila mwezi wakati wa mvua. Bomba linalotoka tankini litoke sentimita 5 hadi 10 juu ya sakafu ya tanki, matope yabaki chini. Maji yakirudi baada ya kukatika, wa kwanza kufunguliwa asiwe dushi. Fungua robine ya uani hadi maji yaache kukohoa na yawe safi.

Pili, acheni kukaza. Tanki lililo mita 4 juu ya kichwa cha dushi linatoa presha ya bari 0.4 tu, na kipira kizima kinaizuia kwa vidole viwili. Ukihitaji kiganja kizima kufunga maji ya tanki, usisubiri mkono uvunjike, badilisha kipira wiki hiyo. Kwenye nyumba zenye pampu ya kuongeza presha, weka kipunguza presha kwenye bari 3.

Tatu, funga ndoano ukutani. Mkono wa robine umegeuzwa kuwa mahali pa kutundika taulo, kikapu cha sabuni, kikuti cha kuogea, hata mfuko wa nguo zilizolowa. Uzito huo unavuta shingoni usiku na mchana, na plastiki ya kromu inapasuka hapo hapo. Watoto nao wanaushika wasiteleze: kwao weka kishikio cha chuma kilichofungwa kwa visi nne, na mkeka wa raba sakafuni.

Kila miezi mitatu zungusha mikono yote, ule wa moto usisahaulike, kaza visi, futa chokaa kwa kitambaa chenye siki dakika tano na usuuze. Javeli, dawa kali ya choo na sugulio la chuma visiguse kromu.

Kwa mpangaji: mwoneshe mwenye lupango matone mapema, kabla mkono haujavunjika, kwa sababu gharama ya kipira haina ubishi lakini ya robine nzima inazua maneno mengi. Na weka kopo dogo nyumbani lenye vipira viwili, visi moja ya inoksi, utepe wa tefloni wa kuzungushia nyuzi, kle alene ya 2.5 na ya 3, na karatasi iliyoandikwa idadi ya meno ya kijiti chako au kipenyo cha katushi.